Picha za Mzunguko na Kazi ya Kujenga na Kutengeneza Makanisa
Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee wa kanisa na mafundi katika siku za Jubilei



Nimeagizwa niseme habari za picha. Najua ya kuwa wako waliolisikia agizo hilo wakacheka, maana katika siku za Jubilei watu hutazamia kusikia habari za waliotutangulia, waliobatizwa kwanza na waliolala, na picha zadhaniwa kuwa ni kitu cha kupamba kitabu tu. Lakini jambo nitakalolisema si pambo. Mnajua ya kuwa kanisa letu la zamani, lililojengwa kwa mawe na chokaa, limo katika mashauri. Wengine wataka liezekwe upya na kuta zake zipigwe lipu mpya. Wengine wataka livunjwe, tujenge kubwa zaidi mahali pake. Sikuja kuliamua neno hilo, wala sina amri. Nimekuja kusema ya kuwa, neno lo lote litakaloamuliwa, siku ile fundi wa kwanza atakapoegemeza ngazi yake ukutani kitaanza kuondoka kitu kisichorudi. Kwa hiyo yapasa kwanza kanisa lote lipigwe picha, ndani na nje, wala si vipande vipande, bali kwa picha za mzunguko.

Mtu asimamapo katikati ya kanisa akageuka polepole mpaka akarudi alipoanza, huona kuta nne, milango, madirisha, altare, birika la ubatizo, na dari juu yake. Picha ya kawaida hukamata kipande kimoja tu cha mambo hayo, na kipande hicho amekichagua mpiga picha. Aghalabu huchagua altare iliyopambwa, au Askofu na wageni waliosimama mlangoni. Pembe yenye ufa hakuna aichaguaye. Picha ya mzunguko haina upendeleo. Huzichukua nyuzi 360 zote, pembe yenye ufa pamoja na altare, ndoo ya mwashi pamoja na Askofu. Ndiyo sababu naipenda kwa kazi ya ujenzi, kwani baada ya miaka 30 mtu aweza kuiuliza swali ambalo mpiga picha mwenyewe hakulifikiri kabisa, akapata jibu.

Jambo hili si geni duniani. Mchoraji Robert Barker alipata hati ya serikali ya Uingereza mwaka 1787 kwa ajili ya picha zilizochorwa kuzunguka ndani ya nyumba ya duara, mtazamaji akisimama katikati, na katika kazi hiyo ndipo lilipotokea jina la panorama. Kamera zilipokuja, watu hawakukawia kulitaka jambo lile lile. Huko Paris, karibu na mwaka 1845, Friedrich von Martens alitengeneza kamera ambayo lenzi yake iligeuka, ikachukua nyuzi 150 hivi kwa mara moja. Baadaye Wamarekani walitengeneza kamera iitwayo Cirkut, ambayo hati yake ni ya mwaka 1904. Hiyo ilizunguka nzima juu ya miguu yake, huku filamu ikipita nyuma ya mwanya mwembamba. Ilitumika sana kwa picha za shule na za majeshi, na husimuliwa ya kuwa mtoto mtundu, akiisha kupigwa upande mmoja wa safu, aliweza kukimbia nyuma ya wenzake akafika upande wa pili kabla kamera haijafika, akaonekana mara mbili. Wenye shule na wajue hilo.

Lakini tuliache jambo la michezo, maana wako watu walioitumia picha kwa ajili ya majengo tangu zamani hizo. Mwaka 1851 serikali ya Ufaransa iliwatuma wapiga picha watano waende nchini kote kupiga picha za majengo ya kale, hasa makanisa, ili wajue yapi yahitaji kutengenezwa. Mmoja wao, Édouard Baldus, alifika Arles katika ua wa ndani wa kanisa la Mtakatifu Trophime, mahali penye nguzo na matao pande zote. Lenzi yake haikuweza kupachukua mahali pale kwa mara moja. Basi alipiga picha nyingi, kama kumi, akazikata na kuziunga pamoja, na palipokuwa na pengo akapaziba kwa brashi yake. Naona huyo ndiye babu wa kazi hii tuifanyayo leo, ingawa kuziba pengo kwa rangi ni neno tusilolikubali tena. Baldus huyo huyo, tangu mwaka 1855 hata 1857, alipiga picha zaidi ya 2,000 za ujenzi wa upande mpya wa jumba la Louvre, akionyesha mpaka mawe yaliyochongwa kabla hayajapandishwa mahali pake. Na Uingereza, Philip Henry Delamotte alilifuata jumba la vioo la Crystal Palace tangu mwaka 1852 hata 1854, lilipokuwa likisimamishwa upya huko Sydenham. Jumba hilo liliungua usiku mmoja wa Novemba mwaka 1936, wala halikujengwa tena. Picha ziko.

Nataka kukaa kidogo kwa Mdachi mmoja, Albrecht Meydenbauer, maana habari yake yawahusu mafundi walioketi hapa. Mwaka 1858, angali kijana, aliagizwa kupima kanisa kuu la mji wa Wetzlar. Siku zile kupima ni kupanda. Mtu huchukua kamba na fimbo ya kipimo, akatambaa juu ya kuta. Alipokuwa juu kabisa, karibu aanguke afe. Akashuka, akafikiri: kwa nini nisipime juu ya picha, nami nimesimama chini? Akaona ya kuwa, kamera ikiwekwa mahali pawili panapojulikana, kila nukta ionekanayo katika picha zote mbili yaweza kupatikana mahali pake, kwa kuwa miali miwili hukutana pale. Watu hawakumsadiki upesi. Hata mwaka 1885 serikali ya Prussia ikaanzisha ofisi mjini Berlin chini yake, na kazi yake ilikuwa kupiga picha za majengo kwa kipimo, juu ya vioo vikubwa vya sentimeta 40 kila upande. Kufikia mwaka 1920 vilikuwapo vioo 20,000 hivi. Kisha vikaja vita na mabomu, nayo makanisa na majumba mengi ya nchi ile yakawa kifusi. Na wajenzi walipotaka kuyasimamisha tena, baadhi yake yalijengwa kwa kutazama vioo vile vya mtu aliyeogopa kuanguka.

Sasa nirudi kwetu. Hakuna aliyeketi hapa asiyelijua kanisa la Mkunazini, Unguja. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa kwa mapatano ya Sayyid Barghash na Waingereza, na kanisa likajengwa mahali pa soko lile. Dari lake ni kuba ndefu kama pipa lililopasuliwa, la saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, na husimuliwa ya kuwa wengi walitabiri litaanguka. Halikuanguka. Askofu Edward Steere, aliyeisimamia kazi ile na kuifasiri Biblia, alifariki mwaka 1882, naye amezikwa nyuma ya altare. Tena husimuliwa habari ya nguzo ndogo zilizo karibu na birika la ubatizo, ambazo zimesimamishwa juu chini: ati mafundi waliziweka hivyo Askofu alipokuwa hayupo, naye aliporudi akaziacha. Twaisimulia kwa kicheko. Lakini angalieni jinsi tuijuavyo: kwa masimulizi, na kwa sababu kosa lenyewe laonekana wazi. Je, ni mambo mangapi yaliyofanywa Askofu asipokuwapo ambayo hayaonekani, maana yamo ndani ya ukuta? Kanisa hilo lilitiwa katika orodha ya World Monuments Fund ya mwaka 2014, ya mahali panapotakiwa kuangaliwa, likafanyiwa matengenezo makubwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Kila fundi aliyefanya matengenezo ya jengo kama hilo atawaambia ya kuwa nusu ya kazi ni kutafuta waliotangulia walifanya nini.

Na si mbali na Mkunazini, pwani ya mji ule ule, lilisimama Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883. Siku ya Krismasi mwaka 2020, katikati ya kazi ya kulitengeneza, sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wake, na watu walikufa. Siku ya kazi ya kutengeneza ndiyo siku ya hatari kwa jengo la kale. Mizigo huhamishwa, boriti hufunguliwa, ukuta uliokuwa umeegemea kitu hukikosa. Wazee hudhani ya kuwa picha ni za mwisho wa kazi, siku ya kubariki. Mimi nasema picha ya lazima kuliko zote ni ile ya kabla ya kazi.

Paris wamelijua hilo kwa uchungu. Mwalimu mmoja wa Marekani, Andrew Tallon, alipima kanisa kuu la Notre-Dame kwa miali ya laser mwaka 2010. Aliisimamisha mashine mahali zaidi ya 50, ndani na nje, akakusanya nukta zaidi ya milioni elfu. Na kila alipoisimamisha mashine alipiga pia picha ya mzunguko kutoka mahali pale pale, ili kila nukta ipate rangi yake. Hakujua yatakayokuja. Alifariki mwezi wa Novemba mwaka 2018, na tarehe 15 Aprili mwaka 2019 kanisa likashika moto, paa lote likateketea na mnara wa juu ukaanguka. Tena mwaka 2014 wajenzi wawili wa Ufaransa walikuwa wameipima kwa mikono ile miti ya paa, mmoja mmoja. Kwa kazi za watu hao na za wengine, waliojenga upya hawakuhitaji kubahatisha, na kanisa likafunguliwa tena mwezi wa Desemba mwaka 2024. Hata katika Afrika yetu iko kazi ya namna hiyo: watu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ambao wameuita mradi wao kwa neno letu wenyewe, Zamani, wamepima Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa miali na kwa picha za mzunguko.

Mtasema: hao wana mashine za bei kubwa, sisi tuna sanduku la sadaka. Ni kweli. Kwa hiyo nitasema namna iliyo kwa uwezo wetu.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kamera ndogo yenye lenzi mbili zilizopeana mgongo, ambayo kwa kubonyeza mara moja huchukua pande zote. Hiyo yafaa kwa kazi ya kila juma, na mtoto aweza kujifunza kuitumia kwa saa moja. Upungufu wake ni kwamba haioni vizuri mambo madogo, na pale lenzi mbili zinapokutana pana mshono. Kitu kilicho karibu sana hukatika au hurudiwa. Basi geuza kamera mshono usiangukie ufa au maandishi.

Njia ya pili ni kamera ya kawaida juu ya miguu mitatu, yenye lenzi pana. Piga picha nane hivi kuzunguka, kila moja ikiifunika jirani yake kwa kadiri ya theluthi moja, kisha moja ya juu na moja ya chini, kompyuta itaziunga. Lakini hapa pana siri. Fumba jicho moja, inua kidole mbele ya uso, ukigeuze kichwa kushoto na kulia: utaona kidole chahama juu ya ukuta ulio mbali. Sababu ni kwamba jicho halipo katikati ya mzunguko wa kichwa. Kamera nayo ni vivyo hivyo. Ikizungushwa kwa tundu la chini yake tu, nguzo za karibu huhama mbele ya ukuta, na picha hazitaungana. Yapasa isogezwe nyuma juu ya stendi yake mpaka mahali miali inapokutana ndani ya lenzi pawe ndipo katikati ya mzunguko. Jaribu kwa fimbo mbili, moja karibu na moja mbali, zikiwa mstari mmoja: ukiigeuza kamera zisipoachana, umepata. Tena madirisha ya kanisa huwaka kwa mwanga na pembe huwa giza. Basi kila upande upigwe mara tatu, kwa mwanga mdogo, wa kati na mwingi.

Lililo kubwa kuliko hayo yote ni kurudi mahali pale pale. Chagueni mahali sita au saba katika kanisa, mpigilie msumari mdogo wa shaba sakafuni, mwandike namba katika ramani, na urefu wa kamera uwe ule ule kila mara, tuseme mita 1 na nusu. Hapo picha ya leo na ya mwaka ujao zaweza kuwekwa pamoja, na ufa ukiwa umekua utaonekana. Kamera ikisimama mahali popote mpiga picha apendapo, kila picha itasema habari yake peke yake.

Na nyakati? Nyingi si lazima. Kabla ya kugusa kitu. Baada ya kubandua lipu, kuta zikiwa uchi. Msingi ukiisha kuchimbwa, kabla ya kufukiwa. Nondo zikiisha kufungwa, kabla ya zege. Nyaya na mabomba, kabla ya lipu. Miti ya paa, kabla ya dari. Mwaona ya kuwa kila wakati ni ule ambao kitu ki karibu kufichwa. Fundi akitaka kutoboa ukuta baada ya miaka 10, ataitazama picha ajue bomba limepita wapi. Na hapa nasema neno zito kidogo. Fedha zinazojenga makanisa yetu zimetoka kwa watu waliouza kuku na korosho. Mkandarasi asema ameweka nondo kadha wa kadha. Zege likiisha kumwagwa, nani atamhukumu? Sisemi ya kuwa wakandarasi ni wezi. Wako waaminifu, nao ndio watakaofurahi zaidi, maana picha itawashuhudia.

Kwa habari ya lipu nitaongeza jambo. Kuta za kale za mawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa tena. Ukizipiga saruji, maji hufungiwa ndani pamoja na chumvi, na baada ya misimu michache ukuta huoza, nayo saruji hubanduka na kuondoka na uso wa jiwe. Katika mtaa mmoja nisioutaja nimeona kanisa lililofanywa hivyo kwa nia njema, na sasa hakuna ajuaye unyevu wa kwanza ulifika kimo gani, wala kama ulitoka chini au ulishuka kutoka paani, maana madoa yote yalikwanguliwa kabla hayajapigwa picha. Madoa ya ukuta ni kama dalili za mgonjwa. Daktari hazifuti kabla ya kuziandika.

Picha hizi zina mipaka yake. Hazipimi zenyewe, zikikunjuliwa juu ya karatasi mistari iliyonyoka huonekana imepinda. Kwa hiyo simamisheni katika kila picha fimbo iliyotiwa alama kila sentimeta 10, na vipimo vikubwa vichukuliwe kwa utepe kama zamani. Wala hazioni nyuma ya nguzo; ndiyo maana mahali ni sita wala si pamoja. Tena picha ichukuayo yote huchukua na yasiyofaa. Asipigwe mtu anayesali, wala mwenye msiba. Na picha ya sakristi, ionyeshayo kabati la vyombo vitakatifu na kufuli yake, isipelekwe kwa watu wote.

Kuzitunza ni kazi nyingine, na hapo ndipo naogopa. Vioo vya Meydenbauer vimedumu zaidi ya miaka 100. Picha zilizo katika simu ya Katibu hazitamaliza miaka mitano, maana simu itaanguka mtoni au Katibu atahama. Ziwe nakala tatu: moja hapa, moja katika ofisi ya Dayosisi, moja mahali pengine mbali na moto ule ule. Kila baada ya miaka michache zihamishwe katika chombo kipya. Na zile za nyakati kubwa zichapwe juu ya karatasi nzuri, nyuma yake iandikwe kwa penseli tarehe, namba ya mahali, na jina la fundi aliyekuwa kazini. Jina la fundi msilisahau. Katika picha za zamani tulizokusanya kwa ajili ya kitabu hiki, majina ya mapadre yameandikwa yote, lakini chini ya waashi mtu ameandika tu "wenyeji". Wajukuu wao wako katika mkutano huu.

Basi, mashauri ya kuvunja au kutengeneza yataendelea katika Halmashauri, nayo yapo mikononi mwa Baba Askofu. Ombi langu ni siku tatu kabla ya ngazi. Kamera yenye lenzi mbili tumeazimwa, na stendi ipo sakristini. Jumatatu baada ya Misa nataka waashi wawili, na mtoto mmoja wa shule mwenye mwandiko mzuri, na mzee ye yote akumbukaye mahali mlango wa kaskazini ulipokuwa kabla ya kuzibwa. Tutaanza upande wa magharibi, maana ndiko ufa uliko, na asubuhi jua haliingii katika madirisha ya huko.